Besi Iliyomsubiri Twalib: Maisha ya Griffins Andati, 1958–1999

Ndugu Griffins Andati alizaliwa Shibuli, Kakamega, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Opicho na Mama Selpher. Alikuwa mtulivu kiasi kwamba alisahauliwa kanisani mara mbili, na mara zote mbili alikutwa ameketi palepale alipoachwa.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini na kufanya mtihani wa CPE mwaka 1972. Hesabu alipita. Matokeo ya masomo mengine familia bado inayatafuta.

Mwaka 1977 alikuja Huruma, Nairobi, kwa mjomba wake, na miaka miwili baadaye akaajiriwa kwenye stoo ya kiwanda cha sabuni, Baba Dogo. Alidumu hapo miaka ishirini bila kugombana na mtu, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wake walilitilia shaka.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Nafula. Alikaa meza ya maharusi dakika kumi, kisha akaonekana jukwaani na gitaa lake la besi, kando ya Twalib, jirani yake aliyepiga gitaa la solo. Wageni walipomuuliza bibi harusi mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko kazini."

Mwaka 1994 Twalib alienda Bergen, Norwe, kuoka mikate. Andati alitundika besi nyuma ya mlango. Alisema nyuzi zimeoza. Nafula alimnunulia mpya. Nazo zikaozea kwenye karatasi yake.

Mwaka 1997 Twalib aliandika kwamba amepata kompyuta ya kurekodia muziki, na kwamba wanaweza kupiga pamoja, kila mtu akiwa kwake. Dada yake Twalib, Nasima, mwenye chuo cha taipu Huruma, aliweka programu ileile kwenye mashine yake. Basi kila Jumapili baada ya ibada, Andati alitembea kutoka nyumbani kwake, Lucky Summer, besi mgongoni. Disketi moja ilibeba dakika moja tu ya sauti. Wimbo ulisafiri kwa posta katika disketi tano, majuma matatu kwenda na matatu kurudi.

Kompyuta ilikuwa na mlio wa kumwekea mpigaji mapigo.

"Dada Nasima, hiki kinachogonga ni nini?"

"Kinakuwekea mwendo, Andati."

"Kizime. Siwezi kupiga na mtu asiyepumua."

Besi ikafika Bergen, na gitaa la Twalib likakataa kukaa juu yake. Twalib aliandika: "Bwana wee, kwenye kiitikio unazubaa. Mimi nafuata mapigo, wewe uko wapi?"

Andati alijibu kwa mistari miwili: "Pale ulikuwa unaingia umechelewa, miaka yote. Nakusubiri."

Twalib alijibu kwamba huko treni haimngoji mtu, naye amejifunza kuwahi. Andati alirekodi tena mara nne, na mara zote nne alisubiri palepale. Nasima alimsihi asogee kidogo tu. "Nikisogea," alisema, "nitakuwa napiga na mtu mwingine."

Februari 1999 alipatikana na ugonjwa wa figo, na Septemba akalazwa. Tarehe 28 bahasha ya Bergen ilifika. Nasima aliunganisha disketi zote, akarekodi wimbo kwenye kaseti, na Nafula akapeleka redio wodini. Kwenye kiitikio Andati aliinua kidole ili watu wanyamaze. Besi ikasubiri. Gitaa likaingia, limechelewa vizuri sana.

"Huyo sasa," akasema. "Huyo ndiye Twalib." Akaomba irudishwe nyuma.

Alituacha Jumatatu, tarehe 4 Oktoba, saa nne asubuhi.

Ameacha mama yake Selpher, mjane wake Nafula, watoto wawili Mourine na Opicho, ndugu watatu, na Twalib. Katibu wa kamati ya mazishi alipouliza huyo Twalib ni wa ukoo gani, na aandikwe wapi, Nafula alimwambia, "Andika hapo hapo kwa ndugu."

Mwenyezi Mungu ampe mapumziko mema.