Kifuniko cha Ishirini na Tatu

Watumishi wa Mungu, Mzee Kaburu, jamaa mliotoka Gachoka na Timau, majirani wa Nchiru na nyote mlioacha shughuli zenu Ijumaa hii ya tarehe 17 Januari 2025, kabla hatujawaeleza Mwalimu Gladwell Ciarunji alizaliwa lini na wapi, familia inaanza na jambo ambalo yeye hakupata kulijua kwa miaka thelathini, nasi hatulijui hadi leo, nalo ni mkono wa mtoto gani uliodondosha kifuniko cha ishirini na tatu ndani ya kopo. Wengi wenu mmeliona kopo hilo la maziwa ya unga kwenye rafu ya darasa lake, lenye kutu mdomoni, na labda mliwahi kumwona akiligusa kabla ya kufunga mlango. Alituagiza tusilifiche, kwa hivyo tumelitaja mapema, na sasa tutafuata maisha yake kwa mpangilio hadi tulifikie.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji kilicho chini ya soko la Gachoka, akiwa wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Njue na mkewe, wakulima wa mtama, kunde na pojo. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1968 hadi 1974, akaenda sekondari Embu kuanzia 1975 hadi 1978, na alipenda kusimulia kwamba mwalimu wake wa kwanza aliwafundisha kuhesabu kwa punje za kunde, na kwa kuwa mwaka ule kulikuwa na njaa watoto walizitafuna mbichi chini ya meza, hivyo darasa zima likajua kutoa kabla ya kujua kujumlisha. Baada ya kusaidia wazazi shambani kwa miaka mitatu, alijiunga na mafunzo ya walimu wa chekechea mjini Embu, akahitimu mwezi Novemba 1983.

Tarehe 9 Januari 1984 alianza kazi katika nasari ya kanisa karibu na Gachoka, chumba kimoja cha mabati kisicho na kitabu hata kimoja, na alichokifanya humo ndicho alichokifanya maisha yake yote, yaani aliwapa watoto vitu mikononi. Walitenganisha maharagwe na kunde, walipanga magunzi ya mahindi kutoka refu hadi fupi, waliandika herufi kwa kidole kwenye trei ya mchanga, walikuwa na duka lao pembeni lenye pakiti tupu za chumvi na majani chai, na kila Jumanne walifinyanga. Si wazazi wote walioridhika, na mama mmoja alifika mlangoni asubuhi akasema, "Mwalimu, mimi nilileta huyu asome, kama ni matope angebaki na mimi kwa shamba," naye Mwalimu hakubishana, alimvutia kiti, akampa donge la udongo na kumwomba afinyange ng'ombe, na mama yule aliondoka saa sita akiwa na ng'ombe wa miguu mitano, akisisitiza kwamba wa tano ni mkia.

Viti vidogo vya darasa hilo ndivyo vilivyomleta Mzee Kaburu, fundi seremala kutoka Meru aliyekuwa akifanya kazi Embu, ambaye mwaka 1985 alileta viti kumi na viwili, Mwalimu akaketisha mtoto juu ya kimoja, akaitazama miguu ikining'inia, akamuuliza, "Fundi, hivi ni vya watoto ama ni vya twiga?" Fundi alivikata, akavirudisha, vikakataliwa tena, na aliporudi mara ya tatu kila mtu aliyekuwa pale aliona kwamba hakurudi kwa sababu ya viti. Walifunga ndoa kanisani tarehe 6 Desemba 1986, Mungu akawajalia watoto wawili, Bundi aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1987, na Kiende aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1989, ambaye ndiye anayewasomea historia hii.

Sasa tumefika Jumanne, tarehe 15 Novemba 1994. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, siku hiyo kukapambazuka na jua, na Mwalimu akawatoa watoto ishirini na watatu kwenda kuchimba udongo kando ya kijito kilicho hatua mia tatu kutoka darasani. Alikuwa na utaratibu ambao wakaguzi walikuwa wameusifu, kwamba kabla ya kutoka kopo lilipinduliwa ili kila mtoto aone ni tupu, kila mmoja akapewa kifuniko kimoja cha chupa ya soda, na wakati wa kurudi kila mmoja alidondosha chake ndani ya kopo mlangoni, darasa likihesabu kwa sauti, hivyo watoto walijifunza namba na mwalimu akajua wote wamerudi. Siku hiyo mikono ilikuwa na matope mengi, Mwalimu akainama kwenye beseni akiwanawisha mmoja mmoja, macho yakiwa kwenye mikono na masikio yakiwa kwenye kopo, na alisikia vifuniko ishirini na vitatu vikianguka, na sauti za watoto zikafika ishirini na tatu, wakashangilia kama kawaida, wakaketi kufinyanga.

Ilipofika saa nne wakanywa uji, na kikombe kimoja kikabaki mezani bila mwenyewe, uji ukaanza kushika utando juu. Mwalimu alituambia kwamba alikitazama kikombe kile kwa muda ambao hakuweza kuupima, akijua tayari, kisha akawahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa, wakawa ishirini na wawili. Njiru, mtoto wa miaka mitano, mwana wa Lydiah Karimi, alipatikana katika shimo lililochimbwa na wafyatua matofali, ambalo mvua ilikuwa imelijaza, nayo maji hayo hayakumfika mtu mzima kiunoni. Mfuko wa kaptula yake ulikuwa mtupu. Ndani ya kopo mlikuwa na vifuniko ishirini na vitatu.

Kwa hivyo mtoto mmoja alidondosha viwili, huenda Njiru alimwachia chake amshikie, huenda kilianguka njiani mwenzake akakiokota, na huyo, kwa wema au kwa mchezo wa kitoto, akakitia kwenye kopo pamoja na chake. Kamati ya nasari iliketi mara mbili, na katika kikao cha pili ikaamua watoto waitwe mmoja mmoja waulizwe, naye Mwalimu akasimama katikati ya mlango akawaambia wazee maneno ambayo wengi wa Gachoka bado wanayakumbuka, "Hawa wana miaka minne na mitano. Mkimpata, mtamrudisha kwa nani? Niandikeni mimi." Wakamwandika yeye, kwamba mwalimu hakuhesabu watoto, akatia sahihi chini ya sentensi hiyo, na mwisho wa mwaka akaondoka na sanduku la nguo, watoto wake wawili na kopo pamoja na vifuniko vyake.

Mwaka 1995 familia ilihamia Timau, ambako Mzee Kaburu alipata kazi ya useremala katika shamba la ngano, na Mwalimu akafundisha watoto wa wafanyakazi wa mashamba kwa miaka ishirini, katika baridi iliyomlazimu kupasha maji moto ili udongo uweze kushikika kwa vidole vidogo. Kwa miaka minne hakumtoa mtoto hata mmoja nje ya ua, kisha siku moja akasuka kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto akishika fundo lake, wakatoka kutazama ngano ikivunwa, na kuanzia hapo hadi mwisho kamba zake zote zilikuwa na fundo moja zaidi ya idadi ya watoto, la mwisho kabisa, ambalo alilishika mwenyewe. Alituambia pia, bila kutaka tumwonee huruma, kwamba alasiri watoto wakishaenda, akiwa anafagia, mara nyingine alisikia kifuniko kimoja kikianguka ndani ya kopo, akageuka, na kopo lilikuwa kwenye rafu na hakuna mtu, naye hakuwahi kuogopa, alisimamisha ufagio tu na kungoja kama kuna kingine.

Mwaka 2015 yeye na Mzee walijenga hapa Nchiru, na badala ya kupumzika alifungua chumba cha chekechea kando ya hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu kwa watoto wa wenye vibanda na wa wanafunzi waliozaa wakiwa chuoni, akisaidiwa na Mwalimu Gatakaa. Tangu 1995, kila tarehe 15 Novemba alisafiri hadi Gachoka kwa Lydiah, mama yake Njiru, na kwa miaka tisa ya kwanza alisimama langoni bila kufunguliwa, akaacha kilo mbili za sukari juu ya jiwe na kurudi. Mwaka wa kumi lango lilifunguliwa, Lydiah akamwambia, "Ingia, jua litakuua hapo, halafu niambiwe ni mimi," wakaketi wakapura kunde pamoja bila kulitaja lile jambo, na wakaendelea hivyo kila Novemba, isipokuwa ile ya mwisho, ambayo Lydiah ndiye aliyesafiri.

Mwezi Februari 2024 Mwalimu alianza kupata shida ya kumeza, na vipimo vya tarehe 11 Machi vilionyesha saratani ya umio, akatibiwa kwa miezi kumi, akibaki darasani hadi tarehe 25 Oktoba, siku ambayo sauti yake ilikataa kabisa kuhesabu zaidi ya kumi. Desemba, wodini, Kiende aliuliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu utotoni, kwa maana yeye pia alikuwa katika mstari ule wa mlangoni, na anakumbuka matope yakikauka vidoleni, na anakumbuka mkono mmoja ukiwa na kifuniko, na usiku mwingine katika ndoto ni mikono yote miwili, wala hajui ni kipi alichokiona na ni kipi alichokitunga baadaye. "Mama, ni mimi?" Mwalimu akasema, "Ningetaka kujua, ningekuuliza ukiwa na miaka mitano, wakati ulikuwa hujui kuficha kitu. Leta huo uji, hata kama ni wa kulowesha mdomo." Alifariki Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu bila kumdanganya, majirani wa Nchiru mliomletea maziwa kila jioni hata alipokuwa hawezi kuyanywa, walimu wenzake wa Timau mliofika na maua ya mashamba, kanisa lililoimba naye, na watoto wa chekechea mliotembea hadi hapa mkishika kamba yake. Mungu awabariki nyote.

Linabaki jambo tuliloanza nalo. Jumatano iliyopita familia iliketi, na Muthamia, shemeji yake Mwalimu, ambaye amechukizwa miaka yote hii na sentensi iliyoandikwa Gachoka, alileta daftari la mahudhurio la 1994 na kupendekeza kwamba leo, mbele ya jeneza, majina ishirini na mawili yasomwe na kila mwenye jina aseme anachokumbuka, ili dunia ijue shemeji yake alihesabu. Hakusema vibaya, alisema kwa upendo, na baadhi yetu tulikubaliana naye, na jina la Kiende humo ni la kumi na nne. Aliyejibu ni Lydiah, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasema, "Mwanangu Muthamia, mimi ndiye ningeuliza. Sijauliza. Wewe unaulizia nani?" Muthamia alilifunga daftari.

Ikaamuliwa, na hakuna aliyepinga, kwamba majina hayatasomwa leo wala siku nyingine, na kwamba aliye kati yetu mwenye kumbukumbu hiyo, au mwenye hofu kwamba ni yake, ajue kuwa Mwalimu alisimama mlangoni kwa ajili yake na hakuondoka. Pili, Lydiah aliomba kopo. Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijatolewa nyumbani, aliliweka mapajani, akatia mkono ndani bila kutazama, akatoa kifuniko kimoja, akakifunga kwenye ncha ya leso yake, kisha akampa Mwalimu Gatakaa kopo, akamwambia avihesabu vilivyobaki. Gatakaa alivimimina mkekani na kuvihesabu kwa sauti mbele yetu sote, akimwangalia usoni kila aliyeketi pale, na vilikuwa ishirini na viwili. Jumatatu kopo linarudi darasani, watoto walitumie.

Mwalimu, wote waliorudi wamehesabiwa, na ambaye hakurudi amechukuliwa na mama yake. Unaweza kuacha kusikiliza sasa. Pumzika kwa amani.