Jogoo wa Arbuni

Gari moshi lilipoondoka Mikese, Bi Tatu alimgeukia fundi ngoma aliyekaa mbele yetu. "Fundi Kibwana, jogoo wangu yuko wapi?"

"Nilimla. Ile ilikuwa arbuni, malipo ya kutanguliza ya ngoma yako. Mwenye shughuli akivunja, arbuni hairudi."

"Nimevunja mimi? Mwali wangu alikuwa ameshapakwa mafuta! Aliyeninyima ruhusa ya ngoma ni yule Mdachi wa bomani."

"Basi kamdai Mdachi jogoo," akajibu, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajamwona askari aliyelala pale mlangoni.

"Na jogoo wa dada yangu mwaka jana? Ulimla, na hukutokea."

"Sikuvunja. Nilizuiwa na mvua."

"Mvua ilikunyeshea peke yako? Wageni wote walifika!"

Hapo fundi akatusomea sheria zake, behewa zima. Mwenye shughuli akivunja, kala hasara. Fundi asipofika, ni kudra ya Mungu. Leo alikuwa anakwenda kupiga ngoma Kingolwira, ambako watu wana adabu na wametanguliza mbuzi mzima. Akaendelea na mifano, mmoja mrefu kuliko mwingine. Nilikuwa nimeshachoka kuangalia milima gari liliposimama tena, na fundi akazibeba ngoma zake.

"Hapa ndipo Kingolwira?"

"Morogoro," nikamwambia. "Kingolwira tumeipita zamani, ulikuwa kwenye sheria."

Bi Tatu akajitanda kanga yake taratibu, kama mtu asiye na haraka kabisa.

"Na hao wa mbuzi, fundi, umewavunjia, au umezuiwa?"