Masale Kumi na Moja Niliyong'oa Nikipitisha Waya

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wanachama, mlisema sitaweza. Msiangalie chini, mlisema! Mmoja wenu aliyekaa pale nyuma alinicheka sokoni Ngaramtoni: "Huyu wa Uarabuni anapandisha intaneti mlimani? Kesho atawafungia ng'ombe kiyoyozi!" Leo mtandao ukikatika, yeye ndiye wa kwanza kunipigia.

Mimi nina diploma ya mawasiliano. Nimefunga nyaya kwenye maghorofa ya Uarabuni miaka saba, sikubebwa na mjomba. Niliporudi nikapanga chumba Levolosi, nikasikia serikali imefikisha mkongo wa intaneti ya kasi hadi ofisi ya kata yetu huku mlimani, inatafuta mafundi wa kuuvuta mpaka zahanati, madukani na majumbani. Tuliomba wengi, nikapata mimi. Nikakopa kwenu, kwenye mfuko wa chama hiki, kwa akina mama wa usharika, na kwa mfanyabiashara mmoja wa Levolosi aliyenipa waya kwa kuniamini tu. Sharti lilikuwa moja: zahanati iunganishwe kabla ya masika, la sivyo kazi anapewa mwingine na mimi nabaki na madeni.

Kwa haraka yangu nikachora mstari ulionyooka. Ukapita mpakani mwa mashamba mawili ya kahawa, juu ya masale, ile mimea ya majani marefu. Ndugu zangu, nimezaliwa huku. Nilijua kwamba sale ndilo mpaka, lilioteshwa na babu, na kuling'oa ni kumwambia mtu unamega ardhi yake. Nikajiambia hayo ni mambo ya wasio na diploma. Nikang'oa kumi na moja, nikayatupa migombani.

Wakaja ndugu wawili, wana wa mzee mwenye shamba mojawapo. Mkubwa akasema, "Kaka, rudisha hayo." Nikamjibu, "Kasome kwanza, ndipo uje kuniamuru." Akashika koleo langu. Nikalivuta, nikampiga nalo begani. Nakiri mbele yenu: mimi ndiye niliyeanza.

Mdogo akanivurumishia jiwe mdomoni, nikatema meno mawili. Nikamkaba koo mpaka macho yakamtoka. Panga la mkubwa likanishukia mkononi, mfupa ukaonekana mweupe kama muhogo uliomenywa. Nikaangukia ndani ya mtaro niliouchimba mwenyewe, wakanikanyaga mbavu humohumo. Kisha wakaugeukia waya, wakaukatakata kama wanaua nyoka. Majirani walipiga kelele "Inatosha!" lakini hakuna aliyesogea.

Aliyenitoa mtaroni ni yuleyule mkubwa. Alinifunga mkono kwa shati lake, akanikimbiza zahanati kwa pikipiki, akalipia nyuzi za kunishonea. Njia nzima analia na kunitukana.

Wiki tatu nikapanga kisasi. Nikakaa mlangoni kwa mama, mchana kweupe, nanoa panga kwa mkono mmoja. Mama akanitazama. "Mwanangu, ukimaliza kunoa, kata na jani la sale. Halafu uchague utakwenda na lipi."

Panga nikaliacha pale. Nikakata jani, nikalifunga fundo kama wafanyavyo wazee wetu wakiomba radhi, nikampelekea yule mzee. Kwetu jani hilo halikataliwi. Akalipokea, akasema, "Umechelewa. Haya, otesha kwanza."

Nikaotesha kwa mkono mmoja, wanawe wananitazama tu. Nilipofika la tisa, mdogo akachukua jembe. Mzee mwenyewe akatangulia kutuonyesha pa kupita, kando ya njia, mbali na makaburi ya babu zao yaliyo mle shambani. Mtaro ukawa mrefu zaidi, yule mfanyabiashara akaniongezea waya. Zahanati ikaunganishwa siku mbili kabla ya mvua.

Asanteni wanachama, asanteni akina mama, asante mfanyabiashara wangu, asante mama. Somo langu ni hili: kabla hujachora mstari, nenda ukamuulize mwenye shamba. Diploma hainionyeshi babu wa mtu amelala wapi.

Jumamosi iliyopita nimelipa wote. Wa mwisho alikuwa yule mkubwa. Nikampa hela za nyuzi, akazishangaa. "Nilikuchana mwenyewe, nikakushonesha mwenyewe. Unanilipa nini?"

"Pokea, kaka. Sitaki kudaiwa."

Akapokea, akazihesabu, akanirudishia zote. "Basi na mimi niunganishie mtandao."

Nikapanda juu ya paa lake siku hiyohiyo, sidaiwi na mtu.