Maji ya Pale Kitandani

Mvumo ulianza tena saa nane na nusu usiku, mzito, wa chini, kama kitu chenye injini nne kinachotafuta pa kutua juu ya ziwa. Wytske akakaa kitako kitandani na mtoto kifuani, asithubutu hata kumgeuza upande wa pili. Mumewe, Rinse, yuko kwenye meli ya mizigo huko mtoni Ujerumani, harudi mpaka wiki ijayo, na nyumba yao ndiyo ya mwisho kwenye tuta la kuzuia maji, ukitoka mlangoni ni majani, kondoo, maji, basi. Usiku wa tisa huo. Asubuhi alimfunga Jelle kwenye kigari, hata nywele hakuchana, akashuka moja kwa moja mpaka bandarini, kwenye Benchi la Waongo. Ndilo jina lake, limeandikwa kwenye egemeo kwa rangi iliyobaki ya mashua na hurudiwa kila masika, na wanaokaa hapo wameanza kudanganyana juu ya samaki tangu yeye Wytske hajazaliwa. Lakini mtu akiogopa usiku tisa mfululizo atakwenda wapi? Atakwenda penye watu na kahawa.

Walikuwepo watatu, kama kawaida. Redio, ambaye jina lake Wybren, aliyefungua na kufunga mlango wa maji wa bandari mpaka akastaafu, na mdomo wake haujastaafu. Shemasi, yaani Hessel, mzee wa kanisa na mchimba makaburi. Na Tjeerd, anayeitwa Mkunga kwa sababu ndiye pekee kijijini Gaasterzijl anayetega mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, hadi leo. Chupa ya kahawa ilikuwa katikati yao.

— Nyie, nataka kuuliza kitu, msinicheke, — akasema Wytske kabla hata hajafika vizuri. — Jana usiku kuna mtu amesikia mvumo? Mvumo tu, haukatiki, nilidhani dirisha, nikaweka gazeti, wapi, nikadhani friji, nikaichomoa, maziwa yameharibika na mvumo uko palepale.

— Kaa kwanza, Mama Jelle, — akasema Redio akimsogezea kikombe. — Umepauka kama jibini changa. Mvumo wa juu au wa chini?

— Wa pande zote.

— Pampu hiyo, — akasema Shemasi. — Ile ya kutoa maji mashambani.

— Pampu gani wewe! Walishaweka ya umeme, haivumi, inapumua tu. Mimi nimefanya kazi pale miaka thelathini na moja.

— Ulikuwa unafungua mlango wa maji, Redio. Pampu hujawahi hata kuigusa.

— Mlango na pampu ni ndugu!

Mkunga akapuliza kahawa yake taratibu. — Ni mikunga, — akasema. — Wakikaribia kuondoka kwenda baharini wanakusanyika. Elfu kumi, elfu ishirini, wanasugua matumbo kwenye chuma. Ndiyo sauti hiyo.

— Chuma gani?

— Unajua chuma gani.

Wote wakatazama ziwani. Mbali kule, mahali ambapo maji na mbingu vilikuwa rangi moja, maziwa yaliyochanganywa na majivu, mashua ya rangi ya chungwa ilikuwa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, ikiburuta chombo chake cha kupima chini ya maji. Kiangazi cha pili hicho. Inatafuta ndege ya mabomu iliyoanguka humu ziwani wakati wa vita, Juni ya mwaka arobaini na tatu, ikirudi kwao Uingereza na watu saba. Watano waliletwa na maji, wamezikwa pale kanisani mstari mmoja. Wawili hawakuonekana. Mchimba makaburi wa wakati huo akaacha nafasi ya wawili mwishoni mwa mstari, na mpaka leo Shemasi anakata majani ya nafasi hizo kila Jumamosi kama za wengine.

— Kesho ndiyo mwisho wao, — akasema Shemasi. — Mashua inarudishwa. Kibali kimekwisha na hawapewi kingine.

Wytske akashusha kikombe. Kesho. Hakujua kama ni kesho.

— Hawataipata, — akasema Redio. — Mimi nimeshawaambia, ile ndege inatembea. Upepo wa magharibi ukipiga siku tatu, maji yanazungusha mapanga ya injini zake kule kwenye matope, inasogea. Kila mwaka mita mia. Saa hizi iko karibu na nyumba yako, Mama Jelle.

— We mzee, si anakwambia anaogopa! — akasema Shemasi.

— Namwelimisha.

— Humwelimishi, unamkausha maziwa. Sikiliza, binti, ile ndege haipo ziwani kabisa. Iko chini ya kanisa. Mimi nikichimba upande wa kaskazini, jembe linalia, linalia namna ambayo jiwe halilizi jembe.

— Iko chini ya kanisa halafu paa la kanisa halina hata tobo?

— Liliezekwa upya!

— Mwaka gani?

— Usiniulize miaka, mimi si kalenda.

Mkunga akasema polepole kama mtu anayeota.

— Mimi nadhani haijaanguka. Watano waliruka, wawili wamebaki. Wanazunguka. Wanatafuta taa. Usiku ule kijiji kizima kiliamriwa kuzima taa, mama yangu aliniambia, hata mshumaa. Basi wanazunguka mpaka leo, wanasubiri taa ziwake. Nani aliwahi kuwaambia kwamba vita vimekwisha?

Hakuna aliyecheka. Hata Redio. Ukungu ulikuwa unapanda juu ya maji bila haraka, ukaimeza mashua ya chungwa nusu, ikabaki kibanda chake tu kinaelea hewani, na Wytske akahisi kama benchi lenyewe limeanza kuelea, na bandari, na kigari chenye mwanawe, vyote vinazunguka kimya vikitafuta pa kushuka.

Hofu yake haikuwa mvumo. Mvumo ni mvumo. Hofu yake ni kwamba mashua ile inatafuta mahali alipoielekeza yeye, na yeye alijua tangu siku ya kwanza kwamba mahali penyewe si hapo.

Babu yake, Feike, alikuwa mvuvi, na wavuvi wa hapa kila mmoja ana daftari. Ndani yake wameandika nyavu hunasa wapi na samaki hujaa wapi: weka kitu fulani cha nchi kavu, mnara au mti, mstari mmoja na kingine, halafu fulani na fulani, hapo ndipo. Lakini hakuna anayeandika sawa. Kila ukoo una upotofu wake, jambo moja linaloandikwa kinyume, ili mwizi akiliiba daftari aende kuvua matope. Upotofu huo hauandikwi. Unasemwa sikioni kwa mtu mmoja, mmoja tu, na huyo naye atamwambia mmoja. Babu hakuwa na mtoto wa kiume. Alimwambia Wytske, wakati Wytske ana miaka tisa. Basi watafiti walipokuja kijijini na kuomba madaftari ya zamani, alitoa la babu, kwa heshima kabisa, ndani ya mfuko safi. Akanyamaza. Aliogopa kuvunja neno la marehemu. Akajiambia wenye mashine kubwa kama zile wataona wenyewe.

— Asubuhi njema, — sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa mama mmoja wa miaka sitini hivi, buti za mpira, koti la mvua, bahasha ya plastiki kifuani. Walimjua kwa kumwona kwa mbali tu: Bi Hanneke, ndiye aliyewaleta watu wa mashua. Mwalimu mstaafu. Miaka kumi na moja sasa anafuatilia ndege hii moja, makaratasi, barua, makaburi. Bandarini hupita kila siku, lakini kwenye benchi hakuwahi kukaa.

— Karibu, mwalimu, — akasema Redio. — Kaa, tudanganyane.

— Nimekuja kuaga. — Akakaa pembeni ya Wytske, akamtazama mtoto, akatabasamu kidogo. — Kesho tunaondoka. Naomba niwaulize swali moja tu, dogo, nyinyi ni watu wa maji.

Akatoa bahasha. Picha saba ndogo. Akaweka kidole kwenye moja, kijana mwenye masikio makubwa na kofia iliyokaa vibaya.

— Huyu ni Colin Haddow, mpiga bunduki wa mkiani. Miaka kumi na tisa. Ni mmoja wa wale wawili. Mama yake alikuwa akimwandikia mchungaji wa hapa kila mwaka, mpaka mwaka sabini na moja. Mchungaji alimjibu yote, vita, mazishi, maua. Swali moja tu hakuweza. Lipo kwenye kila barua. — Hakuisoma, aliijua kwa moyo. — "Pale alipo mwanangu, pana kina gani? Na maji yake ni baridi sana? Alikuwa mtu wa kuhisi baridi." Sasa amebaki dada yake tu, ana miaka tisini na tano, naye ananiuliza hilohilo kila nikimpigia simu. Nimwambie nini?

Mkunga, aliyelala juu ya ziwa hili miaka hamsini, akaichukua chupa ya kahawa, akaitikisa, akaiweka.

— Imekwisha, — akasema.

— Ziwa lina pale na pale, mwalimu, — akasema Shemasi hatimaye, kwa upole. — Usipojua ni pale gani...

Jelle akaguna kwenye kigari. Wytske akaingiza mkono akashika mguu wake, ulikuwa umetoka nje ya blanketi, mdogo, wa baridi, akauficha ndani ya kiganja mpaka ukapata joto.

— Mita tatu na nusu, — akasema.

Wakamgeukia.

— Mwalimu, njoo huku kidogo.

Akainuka na kigari chake, wakaenda wawili mpaka mwisho wa gati, penye minyororo. Na hapo maneno yakamtoka mfululizo bila kituo, kwamba babu alipaita pale Kitandani, kwa sababu wavu ukishuka pale unalala hauinuki, kwamba mwaka fulani kabla mama yake hajazaliwa ulipanda na buti moja ya ngozi, na buti haikuwa tupu, na babu akairudisha kwa mikono miwili taratibu kama anavyolazwa mtoto, na tangu siku ile mpaka anakufa hakula mkunga tena. Kwamba alimpeleka yeye huko akiwa na miaka tisa, akazima injini, akamwambia weka mkono majini. Mwezi wa saba ilikuwa.

— Yalikuwa vuguvugu, — akasema Wytske, analia sasa. — Mwambie dada yake. Kama maji ya kumwogeshea mtoto. Wakati wa baridi sijui, wakati wa baridi sikwenda, lakini siku ile yalikuwa vuguvugu, naapa.

Bi Hanneke alikuwa ameshika mnyororo kwa mikono yote miwili.

— Lakini daftari...

— Daftari lina upotofu. Najua niliwaacha mkatafuta viangazi viwili. Nisamehe. — Akafuta pua kwa mkono wa sweta. — Ninaruhusiwa kumwambia mtu mmoja. Maisha yangu yote, mmoja. Nilikuwa nimemwekea huyu.

Wote wawili wakamtazama Jelle, aliyekuwa amelala, mdomo wazi.

— Atanielewa, — akasema Wytske. — Au hatanielewa. Lete sikio.

Ilikuwa sentensi moja, fupi, juu ya mnara wa daftarini, upi hasa ndio mnara. Pale kwenye benchi wazee watatu walikuwa wamegeuka kutazama ukuta, wote kwa pamoja, na hakuna kitu chochote kwenye ukuta ule.

— Sisi hatujaona! — akapaza sauti Redio bila kugeuka. — Na hata tukisema, sisi waongo, nani atatuamini!

Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Bi Hanneke akatazama huko, si kwa mashua, bali mbali kushoto, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupatazama, maji tu yanang'aa. Midomo yake ikarudia ile sentensi bila sauti, mara moja, kama mtoto anayepewa ujumbe wa kupeleka dukani.

— Nahodha nitamwonyesha pa kwenda, — akasema. — Lakini akiniuliza nimejuaje, na hilo neno lenyewe...

— Niapie.

Akavua kofia yake ya mvua, akaweka kiganja chake juu ya blanketi la Jelle.

— Sitamwambia mtu mwingine.