Siku ya Malori Darajani

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, mbele ya duka la kinyozi, na wazee watatu wanaukalia kana kwamba waliurithi. Fundi viatu huitwa Hakika, kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Waziri hana wizara wala kazi. Wa tatu wanamwita Shemeji, maana zamani wenzake wote wawili walimposa dada yake, wakakataliwa. Dada huyo ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mhandisi wa madaraja mjini hapa. Kesho anaagwa kazini, na Shemeji ametakiwa aseme neno kwa niaba ya ndugu. Tangu asubuhi anakunywa kahawa, neno halijaja.

Hakika alimshauri aanze na zege la daraja alilojenga mtoni. Dada alikuwa akilifunika magunia na kulimwagia maji siku baada ya siku lisipasuke, watu wakamcheka kwamba anaogesha mawe.

— Wahenga walishasema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Na hapo wahenga wanaingiaje? aliuliza Waziri.

Yeye alikuwa na lake: nguzo ya kati haikushikwa na saruji, ilishikwa na mzimu wa mto, na dada alikuwa akiubembeleza kwa hesabu. Hakika hakukubali kuzidiwa. Mzimu gani? Mto wenyewe ulijisogeza kumpisha.

Shemeji alisema hayo hawezi kuyapeleka mbele ya wakubwa wa kazi.

— Basi sema siku ya malori, alisema Waziri. Malori ya kokoto yalipandishwa juu kulijaribu daraja, naye dada yako akaenda kusimama chini yake. Wote tulikuwepo.

Hapo wakaafikiana. Mama mmoja aliyekuwa akingoja ndala yake ishonwe akageuka.

— Samahani, wazee wangu. Nyinyi mlikuwa wapi?

— Kilimani, alisema Hakika. Pale palionekana vizuri.

— Na kule chini alisimama na nani?

Hakika akavuta uzi. Waziri akachungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu.

Shemeji alikumbuka vizuri. Ndugu wote walikuwa kilimani, wakinong'onezana nani atanunua sanda.

Neno la kesho sasa alikuwa nalo. Kilichobaki ni mdomo wa kulisema.