Walemavu Wote Wafike Ghorofani

Kijiwe chetu kilikuwa benchi moja refu barazani pa duka la ushirika, duka ambalo mwaka ule wa 1981 liliuza viberiti na mapanga yasiyo na mipini, basi. Hasani alikaa upande wa mlangoni na birika lake la kahawa. Mimi nilikuwa pembeni na cherehani yangu, nashona viraka, maana nguo mpya tulizisikia tu. Ng'ambo ya barabara lilisimama jengo kuukuu la Mjerumani, la ghorofa moja, na ngazi kumi na nne za mawe zilizopanda kwa nje bila kitu cha kushika. Chini ilikuwa stoo ya mbolea. Ofisi ilikuwa juu. Na kwenye nguzo ya chini, kwa wiki tatu sasa, lilikuwa limebandikwa tangazo ambalo Ngeleja alikuwa amelikariri kama sala.

Ngeleja tulimwita Redio, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na redio yenye betri. Mchana ule wa Alhamisi akalitoa tena, kwa sauti ya msoma taarifa:

– "Katika kuadhimisha Mwaka wa Walemavu Duniani, walemavu wote wafike wenyewe ghorofani, chumba namba nne, kuandikishwa. Mwisho ni Alhamisi saa tisa alasiri. Wasiokuwa na miguu watapelekwa na gari kupimwa miguu ya bandia."

– Wafike wenyewe, akasema Mzee Shibuda. Wasiokuwa na miguu.

– Ndivyo ilivyoandikwa.

Huyu Shibuda alikuja zamani na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na hapakuwa na jambo la kale asilolijua, hata lile ambalo halikutokea. Jina lake la kijiweni lilikuwa Historia.

Wa tano wetu alikuwa Kazimili, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nusu ya wazee wa mji huu wanaojua kusoma majina yao, yeye ndiye aliyewafundisha. Akaenda na mgambo, akavuka mto Kagera na wenzake, akakanyaga bomu lililofukiwa, akarudi na mguu mmoja. Tukamwita Kamanda. Alijaribu kurudi darasani, lakini mtu mwenye magongo mawili hana mkono wa kushika chaki. Akiachia gongo moja aandike, anayumba. Baada ya miezi miwili akaacha mwenyewe. Ndiyo maana ule mguu wa bandia aliutaka sana, ingawa alijifanya hautaki.

– Kamanda, akasema Hasani akimmiminia kahawa, leo ndiyo mwisho. Sisi tuko watatu na fundi wa nne. Tukubebe.

– Hapana.

– Dakika mbili tu!

– Hasani, wiki iliyopita mlinibeba. Fundi alinishika kwapa, Redio akanishika suruali, suruali ikachanika. Gongo likabingirika mpaka barabarani. Wanafunzi wangu wa kisomo walikuwa kwenye foleni ya viberiti hapa dukani, wote wameacha foleni wananitazama. Tumefika juu, mlango una kufuli, karani yuko mkutanoni.

– Mkutano wa nini? nikauliza.

– Wa maandalizi ya Mwaka wa Walemavu.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumecheka wiki iliyopita.

– Vitani nilibebwa kwenye blanketi, akasema Kazimili. Siku ile sikuwa na la kuchagua. Leo ninalo. Sibebwi.

Sasa mtu akisema hivyo, watu wa maana wangenyamaza, au wangefikiri njia. Sisi tulikuwa na kahawa. Historia akakohoa, akaanza:

– Kosa si la serikali. Kosa ni la Mjerumani. Alijenga juu hivi kwa kuogopa simba. Simba hapandi ngazi.

– Paka wangu anapanda, akasema Hasani.

– Paka ana sababu. Simba atafuata nini ofisini?

– Uongo mtupu, akaingilia Redio. Zile zilikuwa ngazi za kupima wapagazi. Unaambiwa panda. Ukifika juu bila kuhema, unatwishwa mzigo mpaka Tabora. Ukihema, unarudishwa nyumbani.

– Kwa hiyo wakati wa Mjerumani mimi ningerudishwa nyumbani, akasema Kazimili.

– Kabisa, Kamanda. Ungestarehe.

– Na sasa pia narudishwa nyumbani. Hatujabadilika sana.

Hasani naye hakukubali kupitwa. Babu yake alikuja huku na msafara kutoka pwani, na kwa sababu hiyo Hasani alijiona ndiye mwenye haki zaidi ya kuwasemea Wajerumani.

– Babu aliwaona kwa macho yake. Kwao kuna barafu, damu inaganda magotini. Asubuhi na jioni lazima wapande na kushuka kuchemsha miguu. Hiyo siyo ofisi, ile ni dawa.

– Dawa ya miguu! akashangilia Redio. Basi Kamanda akipanda kila siku, mguu huenda ukaota.

– Ngoja, ngoja, akasema Historia, kidole juu. Mnajua mimi nilipofika hapa ngazi zilikuwa ngapi? Saba. Zihesabu leo. Kumi na nne! Jengo lile linakua. Jiwe likinyeshewa linaota kama muhogo.

– Basi nisubiri ukame, akasema Kazimili, akanywa kahawa yake yote kwa mara moja.

Nilimtazama. Mdomo ulikuwa unatania, lakini macho hayakutoka kwenye lile dirisha la juu. Ilikuwa saa saba na nusu.

Hapo ndipo lori la kahawa kutoka upande wa Ngara likasimama mbele yetu. Utingo wa lori akashuka, akampokea mwanamke na kumweka chini taratibu. Alikuwa wa miaka thelathini na kitu, kitenge kimefungwa imara kiunoni, miguu yake miembamba imekunjwa chini yake. Mikononi alivaa makatambuga, yale ya matairi, nayo ndiyo aliyotembelea. Akavuta mwili wake mpaka barazani, akatusalimu:

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mama, akajibu Historia. Karibu kahawa. Watoka wapi?

– Kasulo. Naitwa Ildefonsa. Nimetoka jana. Nimesikia mnaandikisha vilema.

– Walemavu, akamsahihisha Redio. Siku hizi haisemwi kilema.

– Tofauti yake nini, baba?

– Kilema alikaa nyumbani. Mlemavu anaitwa ofisini.

– Haya. Ofisi iko wapi?

Tukamwonyesha. Akazitazama zile ngazi kutoka chini mpaka juu. Tukaona ni wajibu wetu kumwelimisha. Historia akampa simba, Redio akampa wapagazi, Hasani akaanza habari ya barafu. Alisikiliza kwa adabu, kikombe mkononi. Walipomaliza akauliza:

– Na huyo karani, naye ni mlemavu?

– Karani? Wee! Mzima kabisa, akasema Redio. Jumapili anacheza mpira, namba saba. Anakimbia kama swala.

– Kwa hiyo anaweza kushuka.

– Ndiyo.

– Sasa kwa nini hajashuka?

Redio akainamia kikombe chake. Historia akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Hasani akafunua birika, akachungulia ndani kama jibu lilikuwa limezama humo. Mimi nilikanyaga cherehani, nikashona mahali ambapo nilikwisha kushona.

– Mmemwita akakataa? akauliza tena.

Wiki tatu tulikuwa tumekaa pale. Hatukuwa tumemwita.

Kazimili alivuta magongo yake, akasimama.

– Dada Ildefonsa, nakusindikiza.

Wakavuka barabara wawili, yeye kwa magongo, mwanamke kwa mikono. Walipofika chini ya lile dirisha Kazimili alivuta pumzi, akaita kwa ile sauti yake ya darasani, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu vita:

– Karani! Shuka chini! Tuko wawili!

Kichwa kikatokea dirishani.

– Pandeni, wandugu! Huduma iko huku!

– Nimetembea kwa mikono kutoka lorini, akasema Ildefonsa bila kupaza sana. Wewe tembea kwa miguu kutoka mezani.

Foleni ya duka iligeuka yote. Kichwa kikaingia ndani. Tulidhani ndiyo basi. Kisha tukasikia viatu kwenye mawe, na kijana akashuka na daftari kubwa kwapani, uso unamvuja jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mbele yao, hakujua akae au ainame, mwisho akakaa kwenye jiwe la chini, wakawa sawasawa.

Sisi wanne tulikuwa tumeshavuka barabara, kwa kweli kwa umbea.

Alifungua daftari. Mistari yote ilikuwa mitupu.

– Tatizo dogo, akasema karani, akijikuna shingo. Taarifa ya hapa nilishaipeleka mkoani Jumatatu.

– Ilisemaje? akauliza Kazimili.

– Nilingoja wiki mbili na ushee. Hakupanda mtu hata mmoja. Nikaandika... nikaandika kwamba eneo letu halina walemavu.

Kazimili akamsogelea. Niliona mkono wake ukikaza kwenye gongo, nikadhani atampiga nalo. Badala yake akalilaza chini, akajishusha taratibu mpaka akakaa kwenye jiwe karibu naye.

– Mimi naitwa Kazimili, akasema. Nimemfundisha mama yako kusoma. Unanijua?

– Nakujua, Mwalimu.

– Ulinipita pale benchini kila asubuhi ukienda kazini.

– Ndiyo, Mwalimu.

– Haya. Andika.

Kijana akaandika. Akamwandika na Ildefonsa. Ijumaa gari liliwachukua wote wawili, na baada ya miezi kadhaa Kazimili alisimama mbele ya ubao, kitabu mkono mmoja, chaki mkono mwingine. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile karani alipiga mstari chini ya majina mawili, akafunika kalamu, akataka kuinuka.

– Hao ndio wote, akasema. Nitaandika barua ya masahihisho.

Ildefonsa akamshika ukingo wa suruali.

– Kaa, mwanangu. Kasulo peke yake naweza kukutajia kumi na mmoja, na njiani nimelala Bugarama kwa wengine watatu. Hiyo kalamu yako ina wino wa kutosha?