Viatu Namba Ishirini na Nane

Benchi la Erina, muuza kahawa wa mtaa wa Malakia, kusini mwa Sudan, ni ubao mmoja juu ya mikebe miwili ya rangi, na saa kumi jioni lina wenyewe. Lubega, Mganda anayechonga mihuri, wanamwita Mhuri. Makuei, askari wa zamani anayelinda geti la hoteli ya mahema, ni Kamanda. Omondi, mpishi wa hoteli hiyo hiyo, ni Sufuria. Jioni hiyo ya Januari, Omondi alikuwa na viatu vipya vya shule mapajani, akingoja basi la Kampala lichukue mzigo. Moyo ulikuwa mzito. Quinter, mama wa mtoto wake Cate, waliyeachana naye, alikuwa amemwandikia kwenye simu: hayo makubaliano yetu siyataki tena, naenda mahakamani.

— Anaweza kweli? Omondi aliuliza, akikunjua karatasi iliyochakaa. Tuliandika wenyewe, pasta akiwa shahidi. Mimi viatu na sare za Cate kila Januari, yeye chakula. Miaka minne sijakosa.

— Mhuri iko wapi? Lubega akauliza.

— Haina.

— Banange! Hiyo ni ya kufungia chapati. Tena wewe iko Sudan, mama iko Kenya, viatu inapita Uganda. Hapo inataka mihuri tatu. Mimi nachonga yote leo.

Kamanda alicheka mpaka kahawa ikamwagikia buti.

— Ya zol, rafiki! Ile karatasi ya amani ya Naivasha ilisainiwa na wakubwa wote, na mimi bado nalala na buti. Peleka ng'ombe kwa mjomba wa mtoto. Ng'ombe hakuna mtu atasema hakumwona.

— Nimpandishe kwenye basi?

— Mtembeze! Sisi tulitembea mpaka Ethiopia.

Erina aliacha kutwanga tangawizi.

— Kwetu Arua niliona kesi kama hiyo. Baba alileta karatasi, sahihi nzuri kabisa. Hakimu akaisoma, akaiweka kando, akamwambia mtoto asimame amwone.

— Halafu?

— Halafu nikafukuzwa. Nilikuwa nauza chai dirishani.

Wakacheka, isipokuwa Omondi. Mama mmoja mgeni, Nyadak, aliyekuja kununua kahawa akiwa na binti yake mdogo, alisogea.

— Nilikaa kambini Kakuma, Kenya, Kiswahili chenu nakisikia. Naomba nione hivyo viatu.

Akachuchumaa, akamvisha mtoto wake. Vilimkaa sawasawa.

— Huyu ana miaka sita. Wako je?

— Kumi.

— Na hivi ni namba ngapi?

— Ishirini na nane. Imeandikwa hapa. Nanunua hiyo hiyo kila mwaka.

— Sasa yeye anavaa ngapi?

Lubega akatazama vidole vyake vyenye wino. Kamanda akainama kukaza kamba za buti ambazo hazikuwa zimelegea. Omondi alikumbuka kwamba Quinter alimwandikia asante mwaka wa kwanza tu. Miaka iliyofuata alinyamaza, naye akaona ni kiburi.

Basi likapiga honi. Konda alinyoosha mkono, akangoja, akaurudisha ndani mtupu, basi likaondoka.

— Kahawa imeisha, Erina aliwaambia Lubega na Kamanda kwa upole.

Omondi alitoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena: Mguu wa Cate umefika namba ngapi sasa?

Mtoto wa Nyadak alikuwa akikimbia kuzunguka benchi, tap, tap, tap, na hakuna aliyemwambia avue.